Gofu ya mlimani kwa mchezaji aliyezoea usawa wa bahari

Unguja haina mlima. Mwinuko wa Masingini, mrefu kuliko yote kisiwani, haufiki mita 150 kutoka usawa wa bahari, na Pemba, pamoja na vilima na mabonde yake yote ya mikarafuu, nayo haivuki hapo. Mchezaji aliyelelewa na uwanja wetu wa mashimo 9 kaskazini mwa Mji Mkongwe hujua vyema kusi na kaskazi, hujua jasho na chumvi, lakini ni nadra kwake kupiga mpira mguu mmoja ukiwa juu kuliko mwenziwe. Siku anapoalikwa Arusha chini ya Mlima Meru, Limuru kwenye mashamba ya chai, au Nanyuki, ambako eneo la Mount Kenya Safari Club limekatizwa na mstari wa ikweta karibu mita 2,100 juu ya bahari, hufunga begi lake akiwa na hofu moja tu: pumzi.

Pumzi ni jambo, na tutalifikia. Ila kinachowaangusha watu wa pwani kule juu ni namba walizopanda nazo vichwani. Mtu anajua kwamba aini 7 yake, fimbo ya chuma ya umbali wa kati (namba ikipanda, umbali hupungua), inakwenda mita 140, amelijua hilo kwa miaka, na anapanda nalo mlimani kama lilivyo. Namba hiyo ilipimwa kwenye hewa ya bahari, ardhi tambarare na joto la digrii 28. Mlimani vyote vitatu vimebadilika, tena havibadiliki kwa upande mmoja: kimoja kinaongeza umbali, kingine kinapunguza, cha tatu kinategemea umesimama wapi.

Tuanze na hewa. Kwenye mita 2,100 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18. Mpira unakutana na kizuizi kidogo, kwa hiyo unakwenda mbali zaidi. Hesabu rahisi ya kubeba kichwani ni asilimia 1 ya umbali kwa kila mita 260 za mwinuko. Arusha mjini, mita 1,400, ni kama asilimia 5. Nanyuki ni asilimia 8. Aini 7 ya mita 140 inakuwa mita 147 Arusha na mita 151 Nanyuki. Anayepiga kwa nguvu ndiye anayefaidi zaidi. Mwenye mkono wa taratibu hapati yote hayo, naye afadhali aanze na nusu ya hesabu kisha apandishe kadiri anavyoona.

Kuna imani moja baharini kwetu kwamba mpira haufiki mbali kwa sababu hewa ina unyevu, ni nzito. Si kweli. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo unyevu unaipunguza hewa uzito, ingawa kwa kiasi kidogo mno kisichofaa kuhesabiwa. Hewa yetu ni nzito kwa kuwa tuko chini, basi.

Jambo la pili la hewa nyepesi husahaulika, na ndilo linaloharibu mikwaju mingi mizuri. Mpira wa gofu hupanda kwa sababu unajizungusha kinyumenyume na hewa inaubeba. Hewa ikipungua, kubebwa nako kunapungua. Mpira unapita chini zaidi, unashuka kwa mlazo badala ya kudondoka, na ukigusa ardhi unaendelea kukimbia. Mtu anapiga mkwaju safi, anauona unatua katikati ya grini, ile nyasi fupi kabisa yenye shimo, halafu anaukuta nyuma kwenye majani. Hajakosea mkono. Alilenga mpira utue pale pale ambapo pwani ungetua na kusimama, wakati mlimani ulitakiwa utue mita 4 au 5 kabla. Ile pigo ya chini tuliyojifunza ili kujificha na upepo wa kusi inazidisha tatizo hilo, hasa grini ikiwa imepandishwa juu ya feawei, njia ya nyasi zilizokatwa inayoelekea kwenye grini. Mlimani chagua fimbo yenye ulalo zaidi, yaani ambayo uso wake umelala zaidi kuelekea juu, na uache mpira upande. Upepo wenyewe hausukumi mpira kwa nguvu ileile ya pwani, kwa sababu ni hewa ileile nyepesi.

Faida ipo pia: mpira unaopinda hupinda kidogo. Anayeteseka na mpira unaokatika kulia ataona draiva yake, ile fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza, imenyooka ghafla. Asidhani amepona.

Sasa joto. Saa 1 asubuhi kwenye viwanja vya mita 2,000 ni kawaida kukuta digrii 10 au 12. Hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, na mpira wenyewe ukipoa unakuwa mgumu na hauruki vizuri kutoka kwenye uso wa fimbo. Kila digrii 10 zinazopungua huondoa mita 2 au 3 kwenye aini ya kati, na zaidi kwenye draiva. Kwa hiyo mchezaji aliyetoka kwenye digrii 28 za Unguja akaanza na digrii 11 amepoteza mita 4 hadi 5 kwenye aini 7, karibu nusu ya zile mita 11 alizopewa na mwinuko. Jua likipanda, zinarudi. Maana yake ni kwamba shimo la kwanza na shimo la kumi na nne hayapigwi kwa hesabu moja hata kama ni siku ileile, na anayepiga vizuri asubuhi kisha kuanza kuvuka grini saa 5 amesahau kupima upya tu. Weka mpira wa akiba kwenye mfuko wa suruali upate joto la mwili, ubadilishane nao kila baada ya shimo. Kuupasha moto kwa makusudi, kwa kifaa au kwa maji ya moto, kunakatazwa na Kanuni 4.2a ya gofu, na adhabu yake ni kuondolewa mashindanoni.

Kisha ardhi. Hapa hesabu ya haraka ni mita kwa mita: grini ikiwa chini yako kwa mita 12, toa mita 12, ikiwa juu kwa mita 12, ongeza 12. Inafaa vizuri kwa aini za kati kwa sababu mpira wake hushuka kwa pembe inayokaribia digrii 45. Weji, fimbo fupi zenye ulalo mkubwa, hushuka wima zaidi, kwa hiyo toa pungufu kidogo, kama mita 8 kwa kila 10. Draiva na fimbo ndefu hushuka kwa mlazo, toa zaidi, mita 12 au 13 kwa kila 10.

Tuunganishe vyote kwa mfano mmoja. Shimo la mikwaju mitatu, mita 2,100 juu ya bahari, saa 4 asubuhi, joto limeshapanda. Bendera iko mita 150, grini iko chini ya tii, mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza, kwa mita 12. Kwanza ardhi: 150 toa 12 ni 138. Pili hewa: gawanya kwa 1.08, unapata 128. Sasa jiulize, nyumbani mita 128 ni fimbo gani? Kwa aliyekuwa na aini 7 ya mita 140, hiyo ni aini 8. Kwa pwani, mita 150 angechukua aini 6. Tofauti ni fimbo mbili nzima, na ndipo utaona kwa nini watu wenye mikono mizuri huonekana wanafunzi kule. Fuata mpangilio huo kila mara, ardhi kwanza, hewa baadaye, na mwisho jiulize ya nyumbani. Ukichanganya utatoa mara mbili.

Andika namba hizo kabla ya kupanda. Kikaratasi cha ukubwa wa kadi ya simu kinatosha: fimbo kushoto, umbali wa nyumbani katikati, umbali wa mlimani kulia. Ukifika, thibitisha kwenye uwanja wa mazoezi kwa mipira mitano mitano ya weji, aini 8, aini 5 na draiva, ukiangalia inapotua na siyo inaposimama. Ujue tu kwamba mipira ya mazoezi huwa imechakaa na huenda pungufu ya mpira mzima. Ikikupa asilimia 3 badala ya 8, usiitupe hesabu yako.

Kedi wa kule, mbeba fimbo zako, ni hazina, lakini uliza vizuri. Akikwambia "hapa aini 7", anasema kwa kipimo cha wachezaji wa kwao, ambao namba zao zimeshakula mwinuko tangu utotoni. Wewe ukaondoa tena, unapunguza mara mbili. Muulize mita, na umuulize kama ameshahesabu mteremko: "Kaka, hiyo ni ya kupima au ya kupiga?" Wenye vifaa vya kupimia umbali nao waangalie: katika mashindano, Kanuni 4.3a inaruhusu kupima umbali lakini inakataza kupima tofauti ya urefu wa ardhi, kwa hiyo sehemu hiyo ya kifaa izimwe. Vilevile usiamini kwamba kifaa kinajua uko juu kiasi gani. Kingi kinapima mteremko tu. Hewa utahesabu mwenyewe.

Kusimama kwenye mteremko ndiko kunakomfichua mtu wa kisiwani kuliko kitu chochote. Kuna hali nne, na zote zinaelezeka kwa jambo moja: uso wa fimbo umelala, na ukiinamisha fimbo nzima upande, uso huo unaangalia kwingine.

Mpira ukiwa juu ya miguu yako, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, utakwenda kushoto. Si kidogo. Chukua mteremko unaopanda sentimita 9 kwa kila mita, ambao kwa macho unaonekana mpole kabisa, ni digrii 5 tu: aini 7 itaelekea kushoto kama mita 8 kwenye mkwaju wa mita 140. Weji yenye ulalo wa digrii 56 itakwenda kushoto kama mita 10 kwenye mita 80 tu. Kadiri fimbo inavyolala ndivyo inavyopotoka, na hili linawashangaza wengi kwa sababu wao huogopa fimbo ndefu na kuiamini weji. Shika fimbo chini kidogo, kama sentimita 3, simama wima zaidi, na lenga kulia kwa kiasi hicho. Kwenye mteremko mkali acha kabisa kulenga bendera na weji. Chukua fimbo yenye ulalo mdogo na upige nusu.

Mpira ukiwa chini ya miguu, utakwenda kulia, na hatari kubwa ni kuupiga kichwani kwa sababu mwili huinuka katikati ya pigo. Panua miguu, kunja magoti zaidi kuliko unavyoona inafaa, na ukae hivyo hivyo mpaka mpira uondoke. Punguza nguvu. Usijaribu draiva wala fimbo ya mbao hapo.

Ukipiga kuelekea juu, mteremko unaongeza ulalo. Digrii 4 ni sawa na fimbo moja, hivyo kwenye digrii 5 chukua fimbo moja kubwa, na kama grini nayo iko juu, ongeza hesabu ya ardhi juu ya hiyo. Mabega yafuate mteremko. Ukiyaweka sawa na upeo wa macho fimbo itachimba kilimani. Mpira huelekea kushoto kidogo kwa sababu uzito unabaki mguu wa nyuma.

Kupiga kuelekea chini ndiko kugumu kuliko kote. Ulalo unapungua, mpira unatoka chini na kukimbia, na ardhi iko nyuma ya mpira ikisubiri kukamatwa na fimbo kabla. Weka mpira nyuma kidogo ya katikati, uzito mguu wa mbele, mabega yafuate ardhi, na baada ya kupiga acha fimbo ifuate mteremko kwenda chini. Kosa la kila mtu ni kujaribu kuunyanyua mpira kwa mikono. Haunyanyuki. Chukua fimbo fupi kwa namba moja, utue kabla ya grini, uache ukimbie. Kama mbele kuna bonde au maji, usione aibu kupiga weji pembeni hadi mahali tambarare. Mkwaju mmoja umepotea, na huko chini ingepotea mitatu.

Namna ya kujizoeza hapa Unguja ipo. Kando ya tii nyingi kuna tuta lenye mgongo. Omba ruhusa, kisha simama hapo kwa mipira 20 kila wiki, kumi mpira ukiwa juu ya miguu na kumi ukiwa chini. Tuta la nusu mita linatosha, kwa sababu mwili unajifunza mizani, na mizani haihitaji mlima. Mwezi mmoja kabla ya safari ndio muda wa kutosha.

Majani ya nyanda za juu ni kitu kingine. Nyasi ya kikuyu, iliyotokea kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki na kulibeba jina la kabila lile, ina mabua manene yanayotambaa na kushikana kama mkeka. Mpira ukiwa juu yake kwenye feawei umekaa vizuri, kama juu ya tii. Ukizama kwenye majani marefu, mabua yanaishika shingo ya fimbo na kuufunga uso, mpira unakwenda kushoto na chini. Shika kwa nguvu zaidi mkono wa kushoto, fungua uso kidogo, na shuka kwa wima. Karibu na grini, ule mkwaju wa kuubiringisha mpira kupitia majani, ambao kwenye nyasi fupi za pwani unafaa, hapo unakwama. Rusha mpira utue kwenye grini yenyewe.

Mvua ikiwa imenyesha, udongo mwekundu hugandia kwenye mpira, na mpira wenye tope hupinda kuelekea upande usio na tope: tope likiwa kulia, tarajia kushoto. Kanuni 16.3 inakupa nafuu ya bure mpira ukizama kwenye shimo lake wenyewe ndani ya eneo la jumla la uwanja, isipokuwa kwenye mchanga ulio mahali ambapo hapakukatwa kufikia kimo cha feawei. Kabla ya kuanza, uliza kama siku hiyo kuna kanuni ya uwanja ya kuinua na kusafisha mpira.

Tufike kwenye grini, kwa sababu hapo ndipo mikwaju inapoisha kimya kimya. Uwanja uliochongwa kwenye ubavu wa mlima umeinama wote, pamoja na tii, njia, hoteli na miti. Jicho halina kitu cha wima cha kujilinganishia, kwa hiyo linakubali ubavu ule kuwa ndio usawa. Grini inayoinama asilimia 3 kuelekea bondeni inaonekana tambarare, na ile iliyo tambarare kweli inaonekana kama inapanda kuelekea bondeni. Wenyeji husema mpira unaukimbia mlima. Wako sahihi, lakini mlima hauna nguvu yoyote ya kuusukuma mpira. Jicho ndilo lililodanganywa na ardhi inayomzunguka mtu.

Dawa yake ni kuanza kuisoma grini mapema. Ukiwa mita 30 kabla hujaifikia, simama uitazame yote pamoja na kilicho nyuma yake. Tafuta ukingo wa chini kuliko wote: mahali ambapo maji ya mvua yangetokea. Ukipanda juu ya grini, zunguka nusu yake kwa miguu. Nyayo husoma mteremko vizuri kuliko jicho, hasa ukisimama katikati ya mpira na shimo huku umeelekea shimo na kusikia uzito umeelemea mguu gani. Macho na nyayo vikipingana, fuata nyayo. Na kama unaye kedi, swali moja linatosha: "Mvua kubwa ikinyesha, maji ya hapa hukimbilia wapi?" Hilo halihitaji yeye kujua mchezo wako.

Nyasi nazo zina mwelekeo. Ukitazama grini na majani yakang'aa, yamelala kutoka kwako, mpira utakwenda kwa kasi. Yakiwa meusi, yanakuja kwako, mpira utachelewa. Angalia pia mdomo wa shimo: upande ulioparuzika na kuonekana kahawia ndio nyasi zinakoelekea. Asubuhi ya umande usihangaike na haya. Mpira utachelewa kila upande hadi jua likaushe, kisha kasi hubadilika katikati ya raundi. Kusukuma mpira kuelekea bondeni, jifanye shimo liko nusu mita kabla ya pale lilipo, na mkwaju wa kwanza wa kukaribia grini uuache chini ya shimo kila unapoweza. Mita 3 za kupanda ni nafuu kuliko mita 1 ya kushuka.

Mlimani mawingu hukusanyika mchana. Ndiyo maana wenyeji hupenda kuanza saa 1 hadi saa 2 asubuhi, wawe wamemaliza mashimo 18 kabla ya saa 7. Upande wa ikweta jua huzama mapema na kwa haraka mwaka mzima, kwa hiyo anayetaka kucheza jioni asianze baada ya saa 7 mchana kama anataka mashimo yote.

Radi isichukuliwe kwa mzaha. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio: zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, na mtu anayetembea mahali pa wazi na fimbo ya chuma hana kazi hapo. Kanuni 5.7a inakuruhusu kusimama mwenyewe ukiona hatari ya radi, bila kusubiri mtu. King'ora kimoja kirefu maana yake ni acha papo hapo, hata kama mpira uko sentimita 10 kutoka shimoni. Milio mitatu mfululizo ni kusimama kwa kawaida, na mifupi miwili ni kurudi. Kimbilia jengo au gari lililofungwa. Mti mmoja mrefu na vibanda vya wazi vya kukingia mvua si kinga. Funga mwavuli. Rudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ahadi ya pumzi. Kwenye mita 2,000 kila pumzi inakupa oksijeni kama asilimia 79 ya ile ya pwani. Hautaanguka, ila utapanda kwenye tii huku moyo unakwenda mbio, na mkono wa mtu anayehema haupigi sawa. Fika siku moja kabla, lala, kunywa maji mengi, na ukifika juu ya kilima vuta pumzi kumi kabla ya kuchukua fimbo. Mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10, tena za kupanda na kushuka, kwa hiyo kama uwanja una vigari, siku ya kwanza chukua. Mazoezi mazuri ya bure hapa mjini ni ngazi za majumba ya Michenzani: juu na chini mara sita, siku tatu kwa wiki, kwa wiki nne. Baridi isikudanganye kuhusu jua. Miale inayochoma ngozi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na ukiwa huhisi joto hutajua umeungua mpaka usiku. Vaa tabaka tatu nyembamba badala ya koti moja zito, kwa sababu kufikia saa 4 utakuwa unavua.

Kuhusu mzigo: kanuni inaruhusu fimbo 14. Acha nyumbani aini ndefu kuliko zote, chukua weji moja zaidi, kwa sababu mlimani umbali kati ya fimbo na fimbo hupanuka, na utakutana na mikwaju mifupi ya ajabu ajabu. Begi kamili na mipira hufikia kilo 13 hadi 16, na ndege ndogo za visiwani mara nyingi huishia kilo 15 na kutaka mikoba laini, basi uliza kabla ya kulipia tiketi. Kichwa cha draiva ndicho kinachovunjika njiani. Kifungue kama kinafunguka, ukisokote kwenye kanga kuukuu na kukiweka katikati ya nguo. Ndani ya begi weka kijiti kigumu kirefu kuliko fimbo zote, kipokee pigo begi likitupwa kwa kichwa.

Ukirudi Unguja, toa kila kitu siku hiyohiyo. Tope jekundu lililokauka kwenye mifereji ya uso wa fimbo hushika unyevu wa chumvi wa kwetu na kutu huanza haraka. Sugua kwa mswaki na maji ya vuguvugu yenye sabuni, futa, kausha kivulini, acha begi wazi usiku mzima. Kisha chana ile safu ya kulia kwenye kikaratasi chako kabla ya raundi ya kwanza ya nyumbani, maana aini 7 imesharudi mita 140.